Benedicto Kiwanuka: Waziri Mkuu, Mfungwa, Jaji Mkuu
(Hotuba iliyotolewa Mkwiro, Kaunti ya Kwale)



Mmetutaka tuzungumze juu ya mahakama na siasa. Twaweza kuyataja mafundisho ya vitabuni hadi jua litue, lakini mafundisho hayo huelea hewani mpaka yapate mtu wa kuyabeba. Kwa hiyo leo twawaletea maisha ya jirani yetu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa mwanasiasa kwanza na hakimu baadaye, na aliyelipa kwa uhai wake kwa kusema kwamba askari hana ruhusa ya kumkamata mtu apendavyo.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 katika upande wa Masaka. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitumika katika King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu walilijua kwa jina la Keya. Baada ya vita alisoma Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, kisha London, alikohitimu uanasheria mwaka 1956. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kukiongoza chama cha Democratic Party. Wengi wa wafuasi wa chama hicho walikuwa Wakatoliki waliolalamika kwamba walibaguliwa katika serikali ya Buganda, na wapinzani wao wakazigeuza herufi DP kuwa "Dini ya Papa". Nasi hapa pwani tunaujua ugonjwa huo: mtu akidai haki yake, huulizwa kwanza anasali wapi.

Katika uchaguzi wa Machi 1961 DP ilipata viti 43, na UPC ya Milton Obote ikapata 35. Lakini ushindi huo ulikuwa na kasoro ambayo hatutaificha. Serikali ya Kabaka iliwaagiza watu wa Buganda wasusie kura, na DP ikazoa karibu viti vyote vya huko kwa kura za watu wachache mno. Wanaosusia kura hawalifungi sanduku. Humwachia mwingine alijaze. Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza.

Hakukaa. Mwezi Aprili 1962 uchaguzi ulirudiwa. Wabunge wa Buganda safari hii waliteuliwa na Lukiiko, yaani baraza la ufalme, na baraza hilo lilikuwa mikononi mwa chama cha Kabaka Yekka, kilichoungana na UPC. DP ikashindwa. Utaratibu ule ulimuumiza Kiwanuka waziwazi, lakini hakuita jeshi. Alikabidhi serikali, na bendera ya uhuru ikapandishwa tarehe 9 Oktoba 1962 huku Obote akiwa ndiye Waziri Mkuu. Ndugu zetu, pimeni tendo hilo kwa mizani ya viongozi mnaowajua. Ni wangapi wamekubali kushuka ngazini kwa sababu karatasi za kura zimesema hivyo?

Yaliyofuata mnayafahamu, kwa kuwa yanafanana na ya nchi nyingi. Mwaka 1966 Obote aliisimamisha katiba. Mwaka 1969 vyama vya upinzani vilipigwa marufuku, na Kiwanuka akatiwa kizuizini. Alitoka baada ya Idi Amin kuipindua serikali mnamo Januari 1971, na kabla mwaka haujaisha Amin alimfanya kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho.

Wapo wanaouliza kwa nini alikubali cheo kutoka kwa mtu aliyeingia Ikulu kwa kifaru. Swali hilo ni la haki. Sisi twamhukumu kwa kazi aliyoifanya kitini. Mwezi Septemba 1972, katikati ya hofu ya kufukuzwa kwa Waasia na ya uvamizi kutoka Tanzania, Mwingereza mmoja aliyekuwa mikononi mwa askari aliletewa ombi mahakamani. Kiwanuka aliamuru aachiliwe, akaeleza kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata. Mtu yule hakuwa ndugu yake, wala wa kabila lake, wala wa chama chake. Ndiyo maana ya sheria: humlinda hata yule ambaye mtaa mzima haumtaki.

Tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu ya Kampala wakamchukua Jaji Mkuu. Hakurudi. Jamaa zake hawakupewa maiti ya kuzika. Aliondoka serikalini kwa kura, akaondolewa mahakamani kwa mtutu wa bunduki. Zaidi ya miaka minne baadaye, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum naye aliuawa. Palipokosa hakimu, hata mimbari haikuwa salama.

Sasa tuliangalie jambo lililo kiini cha mazungumzo haya. Kiwanuka alikuwa na ujasiri, elimu na cheo, na vyote vitatu havikumwokoa, kwa sababu aliyemteua hakuwa na mtu wala sheria juu yake. Basi tusimwombe Mungu atuletee jaji jasiri, kisha tukaenda kulala. Jaji jasiri anahitaji katiba inayomfunga mtawala, na raia wanaoujua ulinzi wao na kuudai.

Kenya nayo imepita karibu na shimo hilo. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliwaondolea majaji kinga ya kazi yao, na ulinzi huo ukarudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi. Kifungu cha 2A kilichotufunga katika chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Hata hivyo, katika mwezi wa Agosti 1997, baada ya mashambulizi ya Likoni, mashirika ya haki za binadamu yaliandika jinsi misako ilivyowakumba watu wa Kwale wasiokuwa na hatia. Vyama vingi tulikuwa navyo. Ulinzi wa mtu mmoja mmoja ulikuwa bado.

Katiba ya 2010 imeuandika ulinzi huo. Kifungu cha 49 chasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimekwisha mahakama ikiwa imefungwa. Kifungu cha 25 chasema haki ya kuomba amri kwamba mtu aliyezuiliwa aletwe mbele ya jaji haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kumwombea mwenzake asiyeweza kujiombea, na kufungua ombi la namna hiyo hakutozwi ada.

Kwa hiyo mtu wa Mkwiro akichukuliwa usiku, asiachiwe mkewe peke yake kuvuka maji kwenda kumwulizia. Waende watu kadhaa, wazee na vijana. Waulize jina la kituo, kosa analoshtakiwa, na nambari ya OB. Waandike saa. Saa 24 zikipita na mtu hajaonekana, kanisa na msikiti vishirikiane kutafuta wakili, kama viongozi wa dini walivyoshirikiana katika Ufungamano kudai katiba mpya.

Wala msiulize kwanza yeye ni wa chama gani. Kiwanuka hakuuliza.

Mwenyezi Mungu awape nguvu ya kusimama pamoja.