Pambizo za Daftari: Nani Kasema Kitshanga Imekufa?



Mauaji ya Ntoto mwaka 1993 na vita vya Masisi, huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mnayajua, sitayarudia. Nimekuja kwa sababu ya neno nililolisikia kwa mwenzetu mmoja kongamanoni, nalo limeninyima usingizi: kwamba Kitshanga, Pinga na Walikale ni "Detroit zetu", miji iliyouawa na ghasia.

Tuanze na Detroit yenyewe, maana hata huko hoja hiyo haisimami. Mwaka 1950 mji huo wa magari wa Marekani ulikuwa na watu wapatao 1,850,000. Mwaka 1960 walibaki kama 1,670,000. Ghasia zilizuka Julai 1967. Watu 180,000 walikwisha kupungua kabla jiwe la kwanza halijarushwa! Viwanda vilianza kuhama, na Wazungu wengi wenye uwezo wakahamia vitongojini. Ghasia ziliharakisha safari iliyokwisha kuanza. Tena aliyehama alipata nyumba, na kodi yake ikaingia halmashauri nyingine. Mtu wa Kitshanga aliyetoka mbio mwaka 2013, jeshi na wanamgambo wa APCLS walipopigana hadi sehemu ya mji ikateketea, alikwenda kulala chini ya turubai. Huyo hakuhama, alikimbia. Lugha yetu ina maneno mawili kwa sababu mambo ni mawili.

Na mwenzetu anapima upungufu wa miji yetu kwa hesabu ipi? Sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984. Wakati huo Kitshanga ilikuwa makazi madogo. Walioikuza ni watu waliokimbia vita vya vijijini katika miaka ya 1990. Vita vinavyoshtakiwa kuua mji huo ndivyo vilivyoujaza. Walikale nako, waasi wa M23 walipoingia Machi 2025, watu walitawanyika msituni; waasi walipoondoka mapema Aprili, watu wakaanza kurudi. Aliyehesabu vichwa katika wiki zile mbili alihesabu hofu.

Badala ya hesabu za namna hiyo, mimi nina chanzo ninachokipenda, na mtanivumilia nikikaa nacho: daftari la ubatizo. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 535, inaagiza kwamba humo ziandikwe pia kipaimara na ndoa ya mbatizwa. Akifunga ndoa mbali, paroko wa huko ana wajibu wa kupeleka habari alikobatizwa. Nimeinamia daftari moja la Masisi siku nyingi. Jalada limeliwa na unyevu. Katikati ya ukurasa kuna jina, wazazi, msimamizi, tarehe. Pambizoni, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine: ndoa, Goma. Ndoa, Bukavu. Ndoa, Kampala. Sijaona ramani ya wakimbizi iliyo bora kuliko hiyo.

Nakubali mapungufu yake. Waprotestanti hawamo. Daftari huungua pamoja na kanisa. Waliouawa hawaandikiwi ndoa, na pambizo tupu haisemi kama mtu amekufa au hajaoa. Nimeyapima yote hayo, na bado nashikilia: mtu ambaye habari ya ndoa yake inatumwa Masisi ni mtu wa Masisi, na sensa ijayo imuulize daftari lake liko wapi kabla ya kumwuliza amelala wapi jana.

Mdogo wangu wa kike alikimbia Kitshanga mwaka ule wa 2013, akaolewa Goma mwaka uliofuata. Habari ilifika. Paroko aliiandika, mstari mmoja mwembamba, kando ya jina alilopewa mwaka 1989.