Karadha ya Elimu: Misaada ya Mataifa na Deni Lililo Shingoni Mwetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, Nyamirambo, Kigali)



Nimetakiwa niseme juu ya vyama vya mataifa vinavyosaidia elimu ya sayansi na ufundi katika Afrika. Vyama hivyo ni vingi, na mwenye kuvihesabu vyote atatuweka hapa mpaka adhana ya Alfajiri. Mimi nitataja viwili tu: kimoja chenye makao yake Jeddah, na kingine Trieste katika Italia. Nimechagua hivyo kwa kuwa habari zake zatugusa sisi wenyewe.

Watu wa Biryogo na Nyamirambo hawahitaji kuelezwa tulivyochelewa. Zama za Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliyeogopa mwanawe asije akabatizwa alimweka nyumbani. Basi tukatoa madereva, makanika, mafundi cherehani na wafanya biashara hodari. Kazi hizo ni za halali, nazo ndizo zilizotulea. Lakini mtu akitafuta daktari, mhandisi au mwalimu wa hesabu katika wazee wetu wa zama zile, atatafuta sana.

Sasa tutazame Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Shauri lake lilitolewa mwaka 1973 katika mkutano wa mawaziri wa fedha uliofanywa Jeddah, na ikafunguliwa rasmi mwezi wa Oktoba 1975. Wanachama wake ni serikali, na sharti la kwanza ni nchi kuwa katika Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu. Jirani zetu wa Uganda wamo; Rwanda haimo. Lakini mwaka 1983 Benki ilianzisha mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiislamu wanaokaa katika nchi zisizo wanachama, yaani watu wa hali kama yetu. Waliousimamisha walichagua masomo kwa makusudi: udaktari, uhandisi, utengenezaji wa dawa, kilimo na mengineyo ya namna hiyo. Waliona kwamba katika elimu hizo ndiko Waislamu walio wachache walikoachwa nyuma zaidi.

Nataka tusimame kidogo hapa, kwa kuwa watu wengi hawakufahamu namna fedha hizo zilivyopangwa. Kwa jamii ya Waislamu wa nchi ile, fedha ni atia. Benki haizidai tena. Kwa mwanafunzi mwenyewe, fedha ni karadha hasana, mkopo usio na riba hata senti moja. Akimaliza masomo na kupata kazi hulipa kidogo kidogo kwa masharti mepesi, wala halipi Jeddah, bali hulipa katika mfuko wa wakfu ulio katika nchi yake, ili mfuko ule umsomeshe mwingine. Mtu mmoja akilipa, wa pili aingia chuoni. Wa pili akilipa, wa tatu aingia. Kwa rai yangu, katika mipango yote ya misaada niliyoisoma sikuona uliofikiriwa vizuri kuliko huu, kwa sababu mtoaji amejiondoa katikati na kutuachia sisi kwa sisi.

Na hapo ndipo penye ugonjwa. Mfuko wetu wa elimu katika Jumuiya hii ulijengwa kwa mfano huo huo. Wako waliosoma kwa mfuko huu wakarudi, wakalipa mpaka faranga ya mwisho, na wengine wakazidisha kwa hiari yao; Mwenyezi Mungu awalipe. Wako pia waliopata kazi njema, wakajenga, wakaoa, na wakikutana na Mweka Hazina njiani humwuliza habari za watoto wake. Habari za mfuko hawaulizi. Masheikh wetu wametufundisha mara nyingi hukumu ya mtu anayekufa na deni shingoni, nami si mwanachuoni wa kuyarudia hayo mbele yao. Nasema tu kama mtu wa hesabu: deni hili si la Jumuiya. Ni la kijana aliyefaulu mtihani mwaka jana na sasa anasukuma mkokoteni sokoni.

Jambo la pili ni Trieste. Katika mji huo kuna Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, kilichofunguliwa mwaka 1964. Aliyekipigania ni Abdus Salam, mzaliwa wa Jhang katika Punjab, mwaka 1926. Katika mambo ya madhehebu wengi walikhitilafiana naye sana, na hayo sikuitwa leo kuyaamua. Nataja kazi yake ya elimu. Mwaka 1946 alikwenda Cambridge kwa msaada wa masomo uliotengwa kwa ajili ya watoto wa wakulima wadogo. Mwaka 1951 alirudi Lahore kufundisha. Hakukuta vitabu vipya wala mtu wa kuzungumza naye fani yake, na mkuu wa chuo akamtaka, pamoja na kufundisha, asimamie timu ya mpira. Mwaka 1954 akarudi Uingereza kwa huzuni, kwa kuwa aliona amelazimishwa kuchagua baina ya nchi yake na elimu yake.

Hakutaka wengine walazimishwe hivyo. Mwaka 1960, akiwa mjumbe wa Pakistan katika mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, alitoa shauri la kituo ambacho mtaalamu wa nchi maskini ataweza kwenda kwa majuma au miezi, akasoma, akajadiliana na wenzake, kisha akarudi kufundisha kwao, na baada ya muda akaenda tena. Mataifa makubwa mengine hayakulipenda shauri hilo. Italia ilitoa mahali na fedha. UNESCO nayo ikaja kushika mkono. Salam alipata tuzo ya Nobel mwaka 1979, akafariki mwaka 1996, na Kituo kikapewa jina lake.

Mtasema, Trieste ni mbali. Mwaka 2018 tawi la mti ule lilipandwa hapa hapa Kigali: Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, katika majengo ya Nyarugenge. Kutoka Biryogo mtu huenda kwa miguu. Vijana wa nchi mbalimbali za Afrika huja humo kusoma shahada za juu za fizikia, nao hupita mbele ya maduka yetu na kununua chapati zetu. Ni wangapi wa kwetu waliomo ndani? Swali hilo nawaachia wazazi.

Mlango huo haufungwi kwa dini wala kwa umaskini. Unafungwa kwa hesabu. Kijana aliyeacha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari hawezi kuingia, hata akiandikiwa barua na mufti. Na binti anayeambiwa akiwa na miaka kumi na minne kwamba hesabu si kazi ya wanawake, amekwisha fungiwa mlango ambao hajauona.

Wako wanaoona haya ni mambo ya dunia tu. Mirathi nani ataigawa bila ya hesabu? Al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra, katika karne ya tisa, sehemu kubwa yake ilikuwa juu ya wasia na mirathi.

Basi ninayo maombi matatu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kwanza, vyumba vya madrasa vitumike kwa darsa ya hesabu baada ya Isha, siku tatu kwa juma, wavulana na mabinti, na walimu wawe wale wale tuliowasomesha. Pili, anayedaiwa na mfuko aruhusiwe kulipa sehemu ya deni lake kwa kufundisha, maana yupo ambaye hana fedha lakini ana elimu. Tatu, mwaka huu fedha za maadhimisho zisinunue zulia. Zulia halikosi mfadhili. Kila Ramadhani huletwa jingine.

Daftari la mfuko liko mezani kwa Katibu. Sikuja kusoma majina. Kila mmoja alijua lake alipotia saini, na kalamu iko pale pale pembeni ya daftari.