MS Inapoanza: Ubongo Unapotafuta Njia Nyingine

Leo tunauzungumzia ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia kwa jina. Unaitwa multipo sklerosisi, na madaktari huuita MS kwa kifupi.

MS ni ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Mishipa mingi ya fahamu imefunikwa kwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, kama vile waya wa stima unavyofunikwa kwa plastiki. Mtu anapopatwa na MS, kinga ya mwili wake mwenyewe huishambulia ala hiyo, na habari zinazopita katika mishipa hucheleweshwa au hukatika. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1868. Hauambukizi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuupati kwa wingi kama watu wa Ulaya, lakini upo hata hapa Nairobi. Kwa kuwa ni nadra, ni rahisi kutofikiriwa.

Mama, sikiliza dalili zake. Binti yako anakuambia jicho moja linamuuma akiligeuza, na kwa siku chache anaona kama kuna ukungu. Au mguu unakufa ganzi, au anahisi kama umeme unashuka mgongoni akiinamisha shingo. Wengine hushindwa kuzuia mkojo. Wengine huona macho yakififia wakioga maji moto, kisha yakirudi mwili ukipoa. Hana homa. Baada ya wiki kadhaa, dalili zinaondoka zenyewe.

Hapo ndipo jamaa wote husema, "Ashukuriwe Mungu, amepona," na safari ya hospitali inaahirishwa. Lakini je, amepona kweli?

Wanasayansi wamejaribu kulichunguza swali hili kwa picha za ubongo. Mashine ya MRI hutumia sumaku yenye nguvu, wala haitumii miale kama eksrei. Mwaka 1990 mtafiti Seiji Ogawa alionyesha kwamba mashine hiyo inaweza kufuatilia oksijeni ya damu ndani ya ubongo. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake wakagundua jambo la ajabu: hata mtu akilala tu ndani ya mashine bila kufanya kazi yoyote, sehemu za ubongo zinazoshirikiana hupanda na kushuka pamoja. Kwa hiyo daktari anaweza kuona ni sehemu zipi zinazowasiliana.

Walipowapiga picha hizo watu ambao MS yao ilikuwa imeanza karibuni, baadhi ya watafiti waliona kwamba mawasiliano kati ya sehemu fulani yameongezeka badala ya kupungua. Fikiria barabara ya Waiyaki imefungwa asubuhi. Matatu inayotoka Kinoo inakatia Uthiru, inashika barabara ya Naivasha hadi Kawangware, inatokea barabara ya Ngong, na mwisho abiria wanafika mjini. Wamefika, lakini mafuta yaliyotumika ni mengi na dereva amechoka. Huenda ubongo nao hufanya hivyo. Nasema huenda, kwa sababu tafiti nyingine ziliona mawasiliano yamepungua, na wataalamu bado wanabishana kuhusu maana yake. Jambo wasilobishania ni kwamba dalili zinaweza kutoweka huku kidonda kikibaki ubongoni.

Uchovu wa MS nao ni wa kweli. Msichana aliyekuwa akiamka alfajiri kufua sasa hawezi kumaliza hata beseni moja, na anaitwa mvivu nyumbani kwao. Wengine husema amerogwa. Tafadhali, tusimwongezee mgonjwa mzigo.

Mtu akikuambia ulipie picha ya mawasiliano ya ubongo ili kujua kama una MS, kataa. Hiyo ni kazi ya utafiti. Picha inayohitajika ni MRI ya kawaida, inayoonyesha makovu yenyewe, pamoja na vipimo vya damu na pengine maji ya uti wa mgongo. Vipimo hivyo ni muhimu kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo, virusi vya ukimwi na upungufu wa vitamini B12 vinaweza kuleta dalili zinazofanana na hizi.

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, kisha uombe barua ya kumwona daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mashine za MRI zipo Hospitali Kuu ya Kenyatta na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan kule Parklands, miongoni mwa nyingine. Picha hizi ni ghali, kwa hiyo uliza mapema SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, italipa kiasi gani. Siku ya picha, vua vibanio vya nywele, vipuli na sidiria yenye waya. Kama una mimba au una chuma mwilini, sema kabla ya kuingia.

MS haina dawa ya kuiponya kabisa, ila zipo dawa za kupunguza mashambulizi. Mwezi Julai 2023, Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kati yake katika orodha ya dawa muhimu. Moja ni rituksimabu, ambayo pia hutibu saratani fulani.

Mkienda kwa daktari, mwambieni pia habari za lile jicho la mwaka jana, hata kama hakuuliza, na hata kama sasa linaona vizuri.