Uhuru Park na kiwanja chetu



Tumekuja kuongea juu ya kiwanja cha kartye, kile kilichozungushiwa mabati bila mutu kutuuliza. Tutafika huko. Kwanza twende Nairobi, juu kule raia walipita njia hii mbele yetu, na walishinda.

Uhuru Park ni parke ya burudani katikati ya muji wa Nairobi. Rais Jomo Kenyatta aliifungua mwezi wa 5, 1969. Mutu asiye na franka ya hoteli alikuja kulala kwenye majani, watoto walipanda mutumbwi. Kazi ya parke njo hiyo, na si kazi ndogo.

Mwaka 1989, chama cha KANU, chama kimoja tu cha inchi, kikataka kujenga ndani yake jumba la gorofa 60: ofisi za chama na za gazeti lake, Kenya Times. Makuta ingetoka inje. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akachukua kalamu. Barua tu, wandugu! Aliandikia ofisi ya rais, wakubwa wa muji, UNESCO, hata balozi wa Uingereza: je, kwenu mungekubali jumba kama hili ndani ya Hyde Park?

Wakamjibu namna gani? Bungeni wakamtukana, eti ni mwanamke aliyeachwa na bwana. Tribinali ikatupa mashtaka yake. Shirika lake likapewa masaa 24 kutoka kwenye ofisi ya serikali. Na uzio ulikuwa umekwisha kusimama. Lakini raia wa kawaida wakaanza kuandika kwenye magazeti, na wenye makuta kule inje wakaogopa. Mwanzo wa 1992 uzio ukaondolewa. Hesabuni: zaidi ya miaka miwili. Siye tukipiga wiki moja bila jibu tunasema imeshindikana.

Mwaka huo huo mama za wafungwa wa siasa wakakaa kwenye pembe ya parke ile wakifunga kula. Polisi ikawapiga tarehe 3/3/1992, Maathai akazimia. Na tarehe 27/8/2010 Kenya ilitangazia katiba yake mpya palepale, mbele ya umati. Kama jumba lingejengwa, umati ule ungesimama wapi?

Sasa kwetu. Sheria ya tarehe 20/7/1973 juu ya udongo inasema udongo ni mali ya Leta, na kifungu cha 55 kinasema ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haigawiwi mutu mpaka iondolewe kwanza katika matumizi hayo kwa njia ya sheria. Njo maana hatutauliza "nani amenunua?" Tutauliza: karatasi ya kuiondoa iko wapi, na ni nani aliitia sahihi?

Wanasema eti siye wenye diplome bila kazi tunatafuta tu pa kukaa. Ni kweli, tunatafuta pa kukaa. Na wadogo wetu wanatafuta pa kupigia mupira.

Siku ya posho, saa mbili asubuhi, tunapeleka barua kadastre, kopi kwa meya. Kila mutu aje na karte yake ya uchaguzi, juu ya kutia sahihi. Hakuna kugusa mabati, hakuna jiwe. Na hatutoki pale bila kopi yetu kupigwa muhuri ya kupokea.