Maongezi juu ya kutunza motere ya motokari iliyozeeka



Leo sitasema juu ya mbegu wala mbolea. Nitasema juu ya motokari. Labda mtu atauliza: monitere wa mashamba ana shauri gani na motokari? Sikieni. Mahindi yenu yanavunwa mwezi wa 5 na wa 6. Kama motokari yenu inatembea, mnapeleka mifuko Kolwezi au Likasi, mnauza kwa bei ya soko. Kama imelala, mchuuzi anakuja mpaka mlangoni. Anaona mifuko imejaa nyumbani, anaona wadudu wameanza kuitoboa, naye anataja bei yake mwenyewe. Ninyi mnakubali, kwani mtafanya nini? Motere iliyokufa inakula mavuno kuliko panya.

Motokari za vijiji vyetu si mpya. Nyingi zilifanya kazi kwanza katika mgodi, kisha zikauzwa. Mnajua zile Toyota Land Cruiser zenye motere ya mazuti inayoitwa 1HZ. Motere hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda sita na lita 4.2, wala haina kompyuta ya kuiongoza. Hiyo ni bahati yenu, kwani mtu mwenye funguo chache na akili ya kutazama anaweza kuitunza chini ya mwembe. Lakini asidhani kwamba motere yenye nguvu haina haja ya kutunzwa.

Adui wa kwanza ni vumbi. Siku za kiangazi malori ya mgodi yanapita mchana na usiku, na vumbi jekundu linakaa juu ya majani, juu ya nguo, hata ndani ya chungu cha bukari. Motere nayo inavuta pumzi kama sisi, lakini inavuta hewa nyingi sana. Ndani ya vumbi mna mchanga mdogo ulio mgumu kuliko chuma. Ukiingia ndani ya silinda unachanganyika na mafuta, unasaga chuma kama jiwe la kunolea panga. Kisha motere inapoteza nguvu, inakula mafuta, inatoa moshi wa buluu. Hapo hakuna dawa rahisi tena.

Kinachozuia vumbi ni filtri ya hewa tu, ile ya karatasi iliyokunjwa-kunjwa. Wakati wa kiangazi ifungueni kila juma. Igongeni polepole juu ya ubao, vumbi lianguke. Kama kuna pompi ya hewa, pulizeni kutoka ndani kwenda nje, wala si kutoka nje kwenda ndani, kwani mtalisukuma vumbi lizidi kuingia katika karatasi. Msiioshe kwa mazuti. Msiioshe kwa maji. Kisha wekeni taa ya mkono ndani yake, mahali penye giza, mtazame kutoka nje. Mkiona nuru kama tundu la sindano, filtri hiyo imekwisha, nunueni nyingine. Nimeona vijana wanaoiondoa kabisa, wanasema motere inapata nguvu zaidi. Ndiyo, inapata, kwa muda kidogo.

Tazameni tena mpira mnene unaotoka kwenye filtri kwenda kwenye motere. Ukipasuka, vumbi linaingia bila kupita katika filtri, na kazi yote ya kusafisha ni bure. Kwa safari moja mnaweza kuufunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa kinga, mkiukaza sana. Lakini mpira mpya lazima ununuliwe.

Sasa maji. Hapa nataka watu wote wasikie, kwani nchi yetu ina shida yake. Kolwezi iko juu, kupita mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mahali pa juu namna hii maji yanachemka upesi, karibu digri 95, hayangoji 100. Kifuniko cha radiatere kina kazi ya kuyakandamiza maji ili yasichemke. Kama mpira wa kifuniko umekufa, motere itachemka katika kila mlima, nanyi mtalaumu radiatere bure. Kifuniko ni cha bei ndogo. Anzeni nacho.

Tena msiteke maji mahali popote. Mto unaotoka chini ya vilima vya takataka za mgodi unaweza kuwa na asidi, na unaweza kuwa na shaba iliyoyeyuka. Macho hayaioni, maji yanaweza kung'aa kama kioo. Shaba hiyo ikikuta alumini ndani ya motere au radiatere, inaishika na kuitoboa polepole. Maji ya visima vyetu vingi nayo yanapita katika mawe ya chokaa. Yanaacha ukoko mweupe kama ule mnaouona ndani ya birika, na ukoko unazuia joto kutoka. Basi chukueni maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi, mkayaweke katika bidoni yenye kifuniko, iwe ya motokari tu. Kama fedha ipo, nunueni dawa ya radiatere na kuchanganya kama ilivyoandikwa juu ya chupa. Dawa hiyo si ya baridi ya Ulaya tu, inazuia kutu pia. Lakini ni sumu, na nyingine ni tamu: mtoto au mbwa asiilambe.

Motere ikichemka njiani, simameni. Zimeni. Mtu asifungue kifuniko wakati kina moto, kwani maji yataruka usoni na kuchoma ngozi mpaka nyama. Ngojeni hata mkono uweze kukaa juu ya radiatere bila kuumia. Wala msimwage maji baridi juu ya motere yenye moto, wala ndani yake. Chuma cha moto kikipata baridi ghafula kinapinda au kupasuka, na kichwa cha motere kikipasuka, bei yake ni mifuko mingi ya mahindi. Saa moja ya kukaa kivulini si hasara.

Mafuta ya motere mnayajua. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, motokari ikiwa mahali pa tambarare, chomoeni kijiti, kipanguseni, kirudisheni, kichomoeni tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakipita alama ya juu ni vibaya pia. Motere ya mazuti inayafanya mafuta meusi upesi. Weusi peke yake usiwatishe. Lakini yakiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yameingia ndani. Msiwashe hata mara moja; iteni fundi. Badilisheni mafuta pamoja na filtri yake kila kilometa 5,000, na kabla ya hapo kama njia ni ya vumbi tu. Nunueni bidoni iliyofungwa na kiwanda. Mafuta ya bei nafuu katika chupa ya zamani ya maji, nani anajua yalitoka wapi? Na yale machafu msiyamwage mtoni wala shambani. Yafungeni katika bidoni, yarudi mjini kwa mtu anayeyakusanya. Oshieni mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mazuti mnayonunua kando ya njia mara nyingi yana maji. Acheni bidoni isimame usiku mzima; maji na uchafu vinashuka chini. Asubuhi mimineni polepole kupitia kitambaa safi, mkiacha kiasi cha chini kabisa. Chini ya filtri ya mazuti kuna kizibo cha kutoa maji: kila juma kifungueni mpaka mazuti safi yatoke. Kama tanki imekauka njiani na pepo imeingia, kuna pompi ya mkono juu ya filtri. Legezeni visi ya kutolea pepo, pampuni mpaka mapovu yaishe, kazeni. Mtu asinyonye mazuti kwa kinywa katika mpira. Tone likiingia mapafuni linaweza kumwua.

Moshi nao unasema. Mweusi: hewa ni kidogo, tazameni filtri kwanza, au mzigo umezidi. Wa buluu: mafuta ya motere yanaungua. Mweupe wa asubuhi unaoisha upesi si kitu. Mweupe usioisha, huku maji yanapungua, ni shauri la fundi.

Juu ya mzigo, hesabuni wenyewe. Kama kitabu cha motokari kinasema tani moja, hiyo ni mifuko 20 ya kilo 50, na hakuna mtu juu. Mkipakia 20 na watu kumi wakapanda, mmeongeza labda kilo 600. Motere inalia, inapata moto, maji yanachemka, na ninyi mnasema motere ni mbaya.

Kazi hizi nilizozitaja ni zenu. Pompi kubwa ya mazuti na kichwa cha motere si zenu, mpelekeeni fundi. Vivyo hivyo mkaba wa ndani wa 1HZ, ule unaozungusha vali. Ubadilishwe kila kilometa 100,000. Kama mlinunua motokari na hakuna anayejua ulibadilishwa lini, hesabuni kwamba haukubadilishwa. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni.

Na neno moja la uhai. Mtu asiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Kriki inateleza. Wekeni magogo manene chini ya chuma kikubwa cha motokari, zuieni magurudumu kwa mawe, itikiseni kwanza, ndipo mwingie.

Nunueni daftari. Mwandike siku, kilometa, mafuta yaliyowekwa, filtri iliyobadilishwa. Shofere akiondoka, daftari libaki. Na kila safari ya soko, fedha ya mfuko mmoja iwekwe kando kwa ajili ya mafuta na filtri, kabla ya kugawana. Mimi naona afadhali sanduku hilo likae kwa mtu ambaye haendeshi.

Sasa motere imepoa. Shofere, fungua boneti. Mama mwenye kutunza sanduku, karibia kwanza wewe, uchomoe kijiti cha mafuta kwa mkono wako, utuambie yamefika wapi.