Eti Hii Ni Nyepesi!



Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Dada, kaka ameleta wiski ya bourbon. Anasema hii nyepesi, haina noma. Ni kweli?"

Swali zuri. Hebu tupige hesabu pamoja.

Bourbon ni wiski ya Marekani, inayotengenezwa hasa kwa mahindi. Sheria ya huko inakataza kuitia chupani ikiwa na alkoholi chini ya asilimia 40. Basi hiyo "nyepesi" ndiyo hiyo ya 40! Kali huwa na 50 au zaidi. Na kinachoipunguza makali, mara nyingi ni maji tu.

Chukua kipimo cha mililita 50. Ya asilimia 50 ina mililita 25 za alkoholi tupu. Ya asilimia 40 ina 20. Nafuu ipo, lakini ndogo. Tena kwa kuwa haichomi sana kooni, mtu anaongeza. Vipimo viwili vya kali ni mililita 50. Vitatu vya nyepesi ni 60. Umeona mtego ulipo?

Huko Marekani kwenyewe, huuziwi mpaka utimize miaka 21. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi: hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Kwa hiyo ukiambiwa, "Onja, hii nyepesi," usigombane na mtu. Mjibu tu: "Asante kaka, hesabu nimeshaipiga."