Msitupe Redio Zenu

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Komarock, Nairobi



Mwezi uliopita kikundi kimoja cha hapa kilikuwa tayari kutoa pesa za merigoraundi kununua redio mpya. Mchuuzi alikuwa amewaambia eti redio za zamani zitazimwa, kama televisheni zilivyozimwa. Pesa zilikuwa zimeshahesabiwa. Mweka hazina akaja kuniuliza, "Mwalimu, ni kweli?" Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Iliyozimwa ni televisheni ya analojia. Hapa Nairobi ilikuwa Februari 14, 2015. Ninyi wa Komarock mnakumbuka: NTV, KTN na Citizen zilitoweka karibu wiki tatu, wenyewe wakivutana na Mamlaka ya Mawasiliano. Watu tukabaki kutazama kioo cheusi. Je, redio ilinyamaza? Hata! Radio Citizen, ya kampuni ile ile ya televisheni, iliendelea kusema ndani ya matatu na vibandani. Na ile siku ya mwisho waliyopatana mataifa, Juni 17, 2015, ilihusu televisheni. FM haikuguswa.

Nchi iliyotangulia kuzima FM ya stesheni za taifa ni Norway, mwaka 2017, na hata huko stesheni ndogo za mitaa ziliachwa. Kenya haijazima.

Sisemi dijitali ni mbaya. Mtambo mmoja hubeba stesheni nyingi, na sauti ni safi. Lakini ina tabia yake. FM ikiwa dhaifu hukwaruza, nawe ukitega sikio unapata habari ya mvua. Dijitali ikipungukiwa nguvu hukatika-katika, halafu kimya kabisa. Ninyi mnaokaa mabondeni, fikirieni hilo.

Kwa wengi wetu redio ya dijitali ni simu. Hapo angalieni mfuko. Stesheni ikitumwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja inakula karibu megabaiti 29. Mkisikiliza saa moja kila siku, mwezi ukiisha mmekula kama megabaiti 860. Redio ya betri haijui mambo ya bando. Na kuna simu zenye FM ndani yake, hizo nazo hazitaki bando. Unachomeka tu waya wa masikioni, ndio antena yake. Vijana wanajua, waulizeni.

Mchuuzi akija, mwambieni aiwashe pale pale mnapokutania. Muulizeni: hii inashika stesheni gani hapa ambayo yetu haishiki? Akianza kuzungukazunguka, mpeni chai aende zake.

Kile kikundi kiliipeleka redio yao ya zamani kwa fundi. Ni waya mmoja tu uliokuwa umekatika.

Haya, mwenye swali na aulize.